Gunia Lilitembea Kwanza

"Wewe! Ukikata hiyo nguo, wallahi nitakukata na wewe!"

Ukumbi mzima wa mapokezi uligeuka kutazama. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa tano, katika hospitali moja ya Eldoret ambayo sitaitaja jina kwa sababu wenyewe wanajijua. Watu walikuwa wamejaa: wenye magongo, wenye viti vya magurudumu, wenye mkono mmoja uliolala kifuani, na jamaa zao waliobeba faili, chupa za chai na blanketi, maana baridi ya asubuhi ya mji huu haina adabu. Katikati yao alikuwa Shamsa Nur, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, ameketi kwenye kiti cha magurudumu, na pindo la dera lake la hariri ya zambarau limemezwa na gurudumu la kulia. Mbele yake alikuwa amepiga magoti kijana mrefu aliyevaa koti la buluu la mafundi, koleo mkononi.

"Dada, sijasema nakata. Nataka kuvuta tu."

"Unavuta hariri na koleo? Kwani hii ni waya ya stima?"

"Basi niambie wewe nifanye nini."

"Toa gurudumu."

"Gurudumu lote?"

"Wewe ni fundi ama ni mtu wa kupita?"

Kijana alicheka. Alitoa spana mfukoni, akamwomba Ikra, binamu yake Shamsa aliyekuwa akisukuma kiti, ainue upande mmoja. Baada ya dakika nne gurudumu lilikuwa limetoka, pindo limeachiliwa bila kukatika hata uzi, na gurudumu limerudi mahali pake. Halafu akaona doa la grisi kwenye hariri, akalipangusa kwa leso yake, likawa mara mbili.

"Sasa umemaliza kuharibu," Shamsa alisema.

"Nipe nikufulie."

"Nikupe nguo yangu ukaifue? Mama yako utamwambia nini?"

"Nitamwambia nimepata bosi."

Shamsa alicheka. Alikuwa hajacheka tangu mwezi wa tatu, na Ikra, ambaye alikuwa mwanafunzi wa chuo kule Chepkoilel na mwenye macho ya kuona mambo, alimtazama fundi yule mara ya pili.

Jina lake lilikuwa Sadiq Abdirahman, mtoto wa Garissa aliyekuja Eldoret kusomea mitambo ya hospitali, akapata kazi, akabaki, akapanga chumba mtaa wa Kapsoya. Shamsa yeye alizaliwa hapa hapa mjini, akakulia kwenye duka la vitambaa la babake. Mwezi wa tatu alipanda ngazi kumshushia mteja jora la kitambaa kutoka rafu ya juu. Ngazi ikateleza. Madaktari walisema uti wa mgongo haukukatika, umeumia tu, na miguu inaweza kurudi ikifundishwa upya kutembea. "Lakini mapema," daktari alisisitiza. "Miezi ya kwanza mwili unasikia. Baadaye unakuwa mkaidi."

Mapema. Kumbuka neno hilo, msomaji, kwa sababu ndilo linalonichemsha damu kila nikisimulia kisa hiki.

Shamsa alikuja mazoezini Jumanne na Alhamisi. Aliyemfanyisha alikuwa Mildred, mtaalamu wa tiba ya viungo kutoka Bungoma, mwanamke wa mabega mapana na mdomo usiolala. Walimsimamisha Shamsa katikati ya vyuma viwili. Msaidizi akamshika kiuno, Mildred akachuchumaa chini na kuisogeza miguu yake kwa mikono, mmoja baada ya mwingine. Hatua ishirini. Siku njema sana, thelathini. Baada ya hapo wote watatu walikuwa hoi, na Mildred akashika mgongo wake akiita, "Mwingine!" Mwingine alikuwa Mzee Sifuna, mkulima wa mahindi wa Chepsaita, aliyepigwa na kiharusi Januari, na ambaye mkewe alimleta kila wiki amevaa koti lake la kanisani.

Na haya yote yalifanyika milango mitatu tu kutoka chumba cha nane, ambamo kulikuwa na roboti.

Wagonjwa wote walijua. Mashine ilikuja Februari kwa lori, ikapigwa picha ikishuka. Ni mashine inayomning'iniza mgonjwa kwa mikanda, ikamfunga miguu ya chuma juu ya miguu yake, ikampigisha hatua juu ya mkanda unaozunguka, mia tano, elfu moja, bila kuchoka na bila kushika mgongo, mpaka mwili ukumbuke kazi yake. Mildred alikuwa amefundishwa kuiendesha kwa wiki mbili. Kisha mlango ukafungwa. Mildred aliambiwa kuna spea haijafika. Kila mgonjwa aliyeuliza aliambiwa hivyo hivyo.

Sasa turudi kwa mapenzi, maana nayo hayangoji.

Sadiq alipiga simu Jumatano jioni, Shamsa akiwa dukani akikunja vitambaa mapajani.

"Nani huyu?"

"Ni mtu wa gurudumu. Doa limetoka?"

"Limetoka kwa sabuni na hasira. Namba yangu umeitoa wapi?"

"Ikra."

"Ikra nitamnyoa. Unataka nini?"

"Nataka kujua kama kiti kinalia. Upande wa kushoto kilikuwa kinahitaji mafuta."

"Kinalia."

"Kinasema nini?"

"Kinasema fundi wake ni muongo, anatafuta sababu ya kupiga simu."

Wiki ya pili alikuwa akipiga kila jioni. Wiki ya nne, asipopiga saa kumi na mbili, ni Shamsa aliyepiga. Aliongea naye habari za wateja wanaogusa kitambaa nusu saa na kuondoka, habari za mama yake anayemlilia chumbani akidhani hasikiki. Sadiq alimwita *macaan*, utamu, kama wanavyoitana Wasomali.

"Usiniite macaan na hujamwona babangu."

"Nitamwona."

"Lini?"

"Ukisimama. Nataka ukisimama uone mimi ni mrefu kukuliko, usije ukasema nilikudanganya."

Siku ya Alhamisi moja ya Juni Shamsa alimpigia akiwa bado hospitalini. "Sadiq! Kidole gumba kimetikisika! Cha kulia! Mildred ameona, Mzee Sifuna ameona!" Sadiq alikuja mbio kutoka karakana, akasimama mbele ya kiti chake, na mwanamume mzima yule akalia mbele ya watu. Shamsa alimpenda siku hiyo, kabisa, bila kubakiza. Wiki iliyofuata alimletea sambusa alizokaanga mwenyewe akiwa ameketi.

Ndipo akauliza, akimtazama akila. "Wewe ndiye fundi. Hiyo mashine ya chumba cha nane inangoja nini?"

Sadiq alimeza. "Spea. Iko njiani."

"Njiani wapi?"

"Mombasa."

Hakukuwa na spea Mombasa. Hakukuwa na spea popote. Msimamizi wa hospitali, Bwana Gichuru, alikuwa amemwita ofisini Machi na kumpa jibu hilo awape watu, na Sadiq alikuwa amelitoa mara nyingi hadi likawa linatoka lenyewe. Alijiambia kesho atamweleza Shamsa ukweli. Kesho ikaja na sambusa nyingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, lakini hii ya Sadiq ilikuwa inaumiza miguu ya watu.

Agosti, Mildred alienda mazishini kwao siku moja, na wagonjwa wa Alhamisi wakahamishiwa Ijumaa. Ijumaa hospitali ile huwa kimya. Kliniki nyingi hazipo. Ikra alikuwa ameenda dirisha la dawa. Shamsa akabaki kwenye korido na Mzee Sifuna na mkewe, na katika ukimya ule akasikia mlio wa injini, mwendo sawa, ukipanda na kushuka. Ulitoka chumba cha nane.

Alisukuma magurudumu kwa mikono yake. Mlango ulikuwa umesindikwa tu. Akausukuma kwa kiti.

Mashine ilikuwa inatembea. Miguu ya chuma ilikunja goti, ikanyoosha, ikakunja, ikanyoosha, taratibu na kwa ustadi. Juu yake, kwenye mikanda iliyotengenezwa kumbeba binadamu, lilikuwa limening'inia gunia la mahindi. Utepe mwekundu mpana ulikuwa umefungwa kuzunguka mashine nzima, fundo lake mbele. Ukutani liliegemezwa jiwe jeusi la marumaru lenye jina la Mheshimiwa mmoja wa serikalini kwa herufi za dhahabu, na mahali pa tarehe paliachwa wazi. Sadiq alikuwa ameketi kwenye stuli, daftari mapajani, anakunywa chai.

"Spea imefika?" Shamsa aliuliza.

Kikombe kilianguka.

"Shamsa, hebu nikueleze..."

"Nimeuliza, spea imefika?"

"Hakuna spea." Sauti yake ilikuwa chini. "Mashine ni nzima. Tangu Februari. Lazima niiendeshe kila Ijumaa ikiwa na uzito, ama injini zitakufa na walioituma watakataa kuitengeneza. Kwa hivyo naweka gunia."

"Na inangoja nini?"

"Inangoja Mheshimiwa aje kuizindua. Tarehe imebadilishwa mara nne. Mara ako na mkutano, mara amesafiri. Gichuru amesema hakuna mtu kuigusa kabla utepe ukatwe."

Nyuma ya Shamsa, mke wa Mzee Sifuna alikuwa amemsukuma mumewe hadi mlangoni. Mzee alilitazama gunia kwa muda mrefu. Ulimi wake ulikuwa bado mzito kwa kiharusi, lakini maneno yalisikika yote.

"Kijana. Hii gunia imetembea mara ngapi?"

Sadiq alitazama kioo cha mashine. Angeweza kudanganya hapo, lakini namba ndicho kitu pekee alichokuwa hajazoea kudanganya. "Hatua elfu arobaini na moja, Mzee."

"Na mimi?"

Sadiq alizima injini. Mildred alikuwa amekuja kuangalia wagonjwa wake wamepotelea wapi, na yeye pia alisimama pale akilitazama gunia, mkono mgongoni.

"Nilikuletea sambusa, Sadiq," Shamsa alisema. Hakupaza sauti, ingekuwa nafuu angepaza. "Kidole changu kilitikisika, ukalia. Ulilia hapa mbele ya watu! Nataka kujua kitu kimoja tu. Wakati unalia, ufunguo wa hiki chumba ulikuwa mfuko gani?"

Mkono wa Sadiq ulienda wenyewe kwenye mfuko wa kulia wa koti.

"Asante," Shamsa alisema. "Ikra! Ikra, kuja unitoe hapa kabla nitapike."

Sadiq alipiga simu mara kumi na tisa siku hiyo. Namba yake ilikuwa imefungiwa. Akapiga ya Ikra.

"Buda, umeblokiwa," Ikra alisema. "Na mimi nikikata nakublock pia. Ulimbeba msichana wa wenyewe ufala, ukamdanganya miezi mitatu."

"Naomba dakika moja tu niongee naye."

"Ngoja." Simu ilifunikwa, kukawa na mnong'ono. Ikra akarudi. "Amesema mpatie gunia simu, muongee."

Shamsa hakulia mbele ya mtu. Alikasirika. Alikasirika asubuhi akivalishwa, alikasirika akiona mamake anambebea maji ya kuoga, alikasirika akipita mjini kwenye mabango ya wakimbiaji waliokata utepe wakitangaza kwamba huu ndio mji wa mabingwa. Na kibaya zaidi, saa kumi na mbili jioni ilipofika mkono wake ulitafuta simu, na hilo lilimkasirisha kuliko yote.

Jumatatu Sadiq aliingia ofisi ya Gichuru bila kubisha. Gichuru alikuwa mtu wa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, mwenye tabasamu la kumtuliza mtoto.

"Fundi! Nilikuwa nataka kukuita. Tarehe imetoka tena. Mwisho wa mwezi ujao, na safari hii amekubali."

"Bosi, wagonjwa wameiona inatembea. Tuwaachie wafanye mazoezi, akija atakata utepe tu."

"Akate utepe wa kitu imetumika? Unataka aambiwe amekuja kuzindua mtumba?" Gichuru alicheka. "Sikiza. Siku hiyo tunataka mgonjwa wa kuonyesha. Usiniletee hawa wamelemaa kabisa, wataning'inia hapo wanatoa jasho kwa kamera. Nataka mtu anaweza kutembea. Nimeongea na dereva wangu, atavaa nguo ya wodi."

"Dereva wako si mgonjwa."

"Ndiyo maana atatembea vizuri. Fundi, wewe unajua nyaya, mimi najua mambo. Na mkataba wako unaisha Desemba, ama nimesahau?"

Nataka niwe mkweli kuhusu Sadiq. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuambiwa na kutii, aliyelelewa na mjomba aliyemfundisha kwamba mkubwa habishiwi, na mkataba ule ulimtisha usingizi ukaruka. Wengi wetu ni yeye. Tunajua mlango umefungwa bure, tunajua ufunguo uko mfukoni, na tunamngoja mtu mwingine awe wa kwanza kukasirika. Lakini alipotoka ofisini alipita kwenye korido ile ile, na Mzee Sifuna alikuwa hapo kwenye benchi, koti la kanisani limefungwa vifungo vyote, anangoja zamu ya hatua zake ishirini.

Jumanne, kabla ya foleni kujaa, Sadiq alifungua mlango wa chumba cha nane hadi mwisho. Alitoa koleo, akakata utepe. Aliteremsha gunia akaliweka nje kwenye korido. Kisha akaenda kwenye benchi, na hakuanza na mpenzi wake.

"Mzee Sifuna. Twende."

Mildred ndiye aliyempigia Shamsa.

"Mlango uko wazi. Usiniulize nani amefungua, unajua. Kuja na raba."

"Mimi siji kwa sababu yake."

"Nani amesema uje kwa sababu yake? Kuja kwa sababu ya miguu yako, mama!"

Gichuru alifika akiwa ameshika simu sikioni. Alikuta viti vya magurudumu saba vimejipanga mlangoni, vimekazwa breki, na mke wa Mzee Sifuna ameketi juu ya gunia la mahindi katikati ya njia, kikapu mapajani.

"Mama, toka hapo."

"Nitoke niende wapi? Mzee yangu ako ndani."

"Hiki ni kifaa cha serikali! Hakijazinduliwa!"

"Basi kizindue. Si uko hapa?"

Watu walicheka, na ofisa anayechekwa na wagonjwa hana la kufanya. Aliondoka akiahidi barua, na barua ilifika kabla ya chakula cha mchana: Sadiq ajieleze kwa maandishi, na kuanzia kesho aripoti chumba cha kufulia mashuka, akatengeneze mashine za kufua. Ufunguo wa chumba cha nane ulikuwa tayari mfukoni mwa Mildred.

Shamsa aliingia saa nne. Alivaa suruali pana nyeusi, shungi la kijani na raba nyeupe ambazo soli zake hazikuwa zimegusa ardhi. Hakumsalimia Sadiq. Mildred alimfunga mikanda, akamwinua, akamfunga miguu ya chuma pajani, gotini, kwenye kifundo. Sadiq alisimama kwenye kioo cha namba, macho yake hapo hapo.

Mashine ilianza. Goti la Shamsa lilikunjika, likanyooka. Mguu mwingine ukafuata. Alikuwa wima. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano alikuwa anatazama watu usoni bila kushikwa kiuno, badala ya kwenye mikanda ya suruali zao, na miguu yake ilikuwa inapishana chini yake. Machozi yalimtoka, lakini yalikuwa ya hasira, kwa sababu ilikuwa rahisi hivi. Ilikuwa rahisi hivi siku zote.

"Mia sita na kumi," Mildred aliita.

"Sadiq," Shamsa alisema.

"Naam."

"Usifikiri nimekusamehe."

"Sijafikiri."

"Vizuri. Ongeza mwendo."

Mheshimiwa alikuja Novemba, baada ya kuahirisha mara nyingine. Utepe mpya ulifungwa juu ya mashine iliyokuwa imetembeza watu thelathini na mmoja, akaukata akitabasamu, dereva wa Gichuru akatembea vizuri sana kwa kamera, na jiwe la marumaru likapigiliwa ukutani likisema huduma ilianza siku hiyo. Jiwe lipo hadi leo. Ukienda utalisoma.

Mzee Sifuna hakualikwa. Alikuwa ametembezwa na mashine wiki kumi, na mguu wake wa kushoto ulikataa. Mildred alimwambia ukweli bila kuzunguka: wangeanza Machi, pengine. Mzee alimshukuru, akamwomba mkewe amgeuzie kiti, akarudi Chepsaita kuangalia mahindi yake yakivunwa na watu wengine. Mheshimiwa hakushtakiwa, Gichuru hakushtakiwa, na mimi sina pa kuipeleka hasira hii ila hapa.

Shamsa alikuwa na bahati. Mwili wake ulikuwa bado unasikia. Kufikia Oktoba alisimama kwenye vyuma peke yake. Kufikia Desemba alitembea na magongo mawili, kisha moja, mguu wa kushoto ukiburuza kidogo. Na kila Jumanne na Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, alimwona Sadiq akija kutoka chumba cha kufulia, nguo zinanuka sabuni, kuikagua mashine ambayo haikuwa tena kazi yake. Sadiq hakumsogelea. Alikaza skrubu, akapaka mafuta, akaondoka bila kula. Katika miezi ile yote mashine haikulala hata siku moja.

"Bado unampenda," Ikra alisema.

"Nampenda na nina hasira naye. Zote mbili. Hakuna moja inamaliza nyingine."

"Sasa utafanya?"

Shamsa aliifungua namba ya Sadiq, akapiga. Simu iliita mara moja tu.

"Shamsa?" Alikuwa kama mtu anayeogopa kupumua.

"Usiniite macaan."

"Sijakuita."

"Ulikuwa unataka."

"Nilikuwa nataka."

Shamsa alisikiliza mashine za kufua zikinguruma nyuma ya Sadiq. "Kuja nyumbani. Usije kwangu, kuja kwa babangu, na wazee wako. Na kabla hao wazee wafungue mdomo kusema mambo ya ndoa, wewe mwenyewe utasema kile ulifanya. Usiseme tulikosana. Usiseme Gichuru alikuamrisha. Useme wewe."

"Na akinifukuza?"

"Utafukuzwa kwa ukweli. Hiyo ni afadhali kuliko vile nilikufukuza mimi."

Walikuja Jumapili ya pili ya Januari, Sadiq na mjomba wake wa Garissa na wazee wawili. Sebule ya Mzee Nur ilikuwa imetandikwa zulia jipya. Kulikuwa na chai ya tangawizi, tende na halwa, na wanaume wanane wameegemea mito. Nyuma ya pazia walikuwa wanawake. Kwa desturi yao siku kama hiyo msichana haonekani, na kijana mwenyewe haongei; anaongelewa. Mjomba alisafisha koo, akaanza kusifu ukoo.

"Mjomba, samahani," Sadiq alisema. "Nina neno kwanza."

Mjomba alimtazama kana kwamba amevua kanzu. Sadiq akasema. Alisema kuhusu chumba cha nane, kuhusu utepe, kuhusu gunia, kuhusu spea ya Mombasa. Alisema bila kumtaja aliyemwamrisha mpaka Mzee Nur mwenyewe alipouliza. Alipomaliza, chai ilikuwa imepoa.

"Ulikuwa na ufunguo?" Mzee Nur aliuliza.

"Nilikuwa nao, Mzee."

"Na binti yangu alikuwa anakuletea chakula."

"Ndiyo."

"Ukala."

"Nikala."

Mjomba alianza kukusanya kanzu yake ili ainuke. Aibu hii ilikuwa ya kwenda nayo hadi Garissa. Ndipo pazia likasogea.

Shamsa alitoka. Alivaa dirac, gauni jepesi la Kisomali, la waridi lililodariziwa dhahabu, shungi la rangi hiyo hiyo, hina mikononi, na gongo moja. Mama yake alimwita kwa mnong'ono mkali kutoka nyuma, naye hakugeuka. Gongo, mguu wa kulia, mguu wa kushoto ukiburuza juu ya zulia jipya. Wanaume wanane walitazama chini kwa heshima, kisha mmoja mmoja wakainua macho, maana wengi wao walikuwa wamekuja katika nyumba hii mwaka uliopita kumpa Mzee Nur pole. Alifika mbele ya babake, akasimama.

"Aabo, hii kesi ni yangu. Ni miguu yangu ilifungiwa mlango. Kwa hivyo nitajibu mimi."

Mzee Nur aliitazama miguu hiyo. "Jibu."

"Alikosa. Sijasahau na sitasahau, huu mguu hautaniruhusu. Lakini mlango ule ulikuwa na watu wengi wa kuufungua, wakubwa kumliko, na wote wako majumbani mwao wanakula. Ni mmoja tu amekuja kukaa mbele yako akasema nilikuwa na ufunguo. Huyo ndiye nataka. Kumsamehe ni kazi ya miaka, na ataifanya akiwa mume wangu."

Sadiq aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa magoti. Mguu wa Shamsa ulianza kutetemeka, na watu watatu waliinuka kumletea kiti, Sadiq akiwa wa kwanza.

"Kaeni," Shamsa alisema.

Waliketi. Akageuka taratibu, akarudi alikotoka kwa miguu yake, na hakuna aliyegusa kikombe mpaka pazia lilipotulia. Mzee Nur alijifuta macho kwa kiganja. Kisha akachukua birika, akamwaga chai ya Sadiq iliyopoa, akamjazia nyingine ya moto, na uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa wa mtu aliyepata pa kuelekeza ghadhabu yake.

"Kunywa," alisema. "Halafu niambie, mkwe wangu. Huyo Gichuru huingia ofisini saa ngapi?"